Nyumba ya Watu Wawili

Mapokezi mwenyewe hakatai. Siku ile, kati ya wote waliosimama pale barazani, mjinga alikuwa yeye.

Wiki iliyopita tulimwacha papo hapo: ufunguo mpya mkononi, mkewe nyuma yake amekalia sanduku, na mlango wa nyumba aliyoinunua katika nchi ya watu ukifunguliwa kutoka ndani. Wasomaji mliosema ni mwizi, poleni. Mliosema ni mke mdogo, mna roho mbaya, lakini hamkuwa mbali sana. Alikuwa mwanamke kweli.

Alikuwa bibi kizee mwenye aproni kiunoni na tambara la deki mkononi. Akawatazama kuanzia viatuni hadi kofiani, akasema maneno kwa lugha ya kwao.

"Anasema mmechelewa," alisema mkalimani, dada mmoja mwembamba aliyekodiwa mpaka jioni. "Anasema pia mvue viatu. Ametoka kupiga deki sasa hivi."

"Mwambie amekosea nyumba," alisema Mapokezi.

Mkalimani akamwambia. Bibi akajibu bila haraka.

"Anauliza, akosee vipi? Chumba kile chenye dirisha la bluu ndicho alichojifungulia."

Kwa msomaji aliyeingia leo: Mapokezi si jina alilopewa na wazazi. Ni kazi aliyoifanya tangu ujana, nyuma ya kaunta ya hoteli, akipokea wageni kwa mikono miwili na tabasamu lisilolala. Alistaafu yeye, jina likakataa kustaafu.

Mkewe ni mkunga mstaafu ambaye mji mzima humwita Sista. Alikubali kuhamia ugenini kwa sharti moja tu: nyumba iwe ya watu wawili. Kule kwao hawakuwahi kuwa wawili. Mapokezi alikaribisha binamu, shemeji, rafiki wa shemeji, na bwana mmoja ambaye mpaka anaondoka hakuna aliyejua alikuwa wa nani. Sista alipika kwa sufuria za harusi kila siku ya Mungu.

"Safari hii," alikuwa amesema, "nikisikia mtu anakohoa chumba cha pili, napanda ndege."

Sasa mtu alikuwa anakohoa kizingitini.

Mapokezi akacheka kile kicheko chake cha kaunta. "Dada, mweleze vizuri. Mimi nimenunua nyumba tupu."

Mkalimani akamtazama kwa huruma. "Mzee, mimi nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Si ulisema mwenyewe? Siku ile ya kusaini."

Sista akainuka. Sanduku likashusha pumzi. "Alisema nini?"

"Labda mzee angependa kukueleza faraghani..."

"Wewe si umekula kiapo kutafsiri kila neno?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitafsirie hilo."

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Msikasirike, hatutakaa.

Mapokezi alitangulia peke yake kuja kukamilisha sheria, na hakuna anayeweza kusema hakufanya kazi. Alipekua kama nyumba ina deni. Alipima mipaka kwa miguu yake, kisha akamleta mpima wa serikali aje aipime tena. Alipanda darini akashuka na buibui. Alipeleka cheti chao cha ndoa kikatafsiriwa na kugongwa mhuri mwekundu, na alipoambiwa unatakiwa wa bluu, akakipeleka tena. Alikagua kila kitu isipokuwa mdomo wake.

Katika nchi ile mauzo ya nyumba hayaishi kwa kupeana mikono. Mnakaa mbele ya wakili wa serikali, huyu tutamwita Mwenye Mhuri, naye anasoma hati yote kwa sauti, tangu juu mpaka chini, mkalimani akifuatia. Na lolote utakaloahidi ndani ya chumba hicho, analiandika. Likishaandikwa, ni sheria. Ukiahidi kumwagilia maua, utayamwagilia.

Muuzaji alikuja na mama yake. Mapokezi alidhani mama amemsindikiza mwanawe, kama mama wafanyavyo. Usomaji ulipokwisha, Mwenye Mhuri akauliza kama kuna mtu anayeishi ndani ya nyumba.

"Mama tu," muuzaji alijibu. "Ataondoka."

Bibi akatazama sakafu. Na hapo mdomo wa Mapokezi ukaamka wenyewe, kama ulivyoamka kwa kila mgeni aliyewahi kuegemea kaunta yake. Akainuka, akauchukua mkono wa bibi kwa mikono yake miwili.

"Mama yangu, usihangaike hata kidogo. Nyumba ni yako. Kaa mpaka uchoke."

Muuzaji aliangusha kalamu. Mapokezi akaona jinsi adabu za kwao zilivyowagusa watu wa ugenini, akajisikia vizuri mpaka usiku.

"Mwenye Mhuri alimuuliza kama anamaanisha," mkalimani alimwambia Sista. "Mzee akaweka mkono kifuani, akasema kwa moyo wote."

"Nilikuwa namfariji!" Mapokezi akalalamika.

"Akaulizwa tena kama ana hakika."

"Nikasema nini?"

"Ulisema, 'Sasa nimfukuze mama wa watu?' Nikatafsiri. Akaelewa kwamba ni ndiyo."

Sista hakupiga kelele. Mtu aliyezalisha nusu ya mji hapigi kelele ovyo. Hungoja.

"Amechoka?" aliuliza mwishowe.

"Nani?" Mapokezi akauliza.

"Huyu bibi. Umempa nyumba mpaka achoke. Dada, hebu muulize. Amechoka?"

Mkalimani akauliza. Bibi akalifikiria swali kwa heshima zote, kisha akajibu.

"Anasema bado."

Wakavua viatu.

Jioni ile Sista hakuzungumza na mumewe hata neno la kuombea chumvi. Alikaa jikoni, miguu imevimba kwa safari, akitazama ukuta. Mkalimani alikuwa amekwenda zake, kwa hiyo nyumba ilikuwa na wanawake wawili wasio na lugha na mwanamume mmoja asiye na utetezi.

Bibi aliitazama ile miguu. Akasonya, kwa kuwa kusonya hakuhitaji mkalimani. Akachemsha maji, akatia chumvi, akaweka beseni sakafuni mbele ya Sista.

Sista alilitazama beseni kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza. Maisha yake yote yeye ndiye aliyechemshia wenzake maji. Akageuka kuangalia kama kuna mtu mwingine nyuma yake. Hakuwapo. Akatia miguu.

Mapokezi alilala sebuleni, kwenye kochi lililoishia magotini pake.

Asubuhi alikuwa mtu mpya. "Nalifuta lile neno leo," alimwambia mkewe. "Ni sentensi moja tu. Tunaingia, tunafuta, tunatoka. Chai ya mchana tunakunywa wawili."

Sista akafunga vifungo vya koti lake.

Walipofika ofisini kwa Mwenye Mhuri, bibi alikuwa amewatangulia. Alikuja na mto wake mwenyewe, akaukalia, kwa sababu viti vya serikali alikuwa anavijua.

Mwenye Mhuri alikuwa bwana mkavu aliyezungumza kama anayesoma, hata alipokuwa anaomba maji. Mkalimani akakaa katikati.

"Nimekuja kufuta sentensi moja," Mapokezi akaanza.

"Ulikuwa unadanganya?"

"La, hasha! Kwetu ile ni adabu tu. Mtu akija, unamwambia nyumba ni yako."

"Na nyumba inakuwa yake?"

"Hapana."

"Yeye anajua kwamba si yake?"

"Anajua."

"Kwa hiyo unamwambia, naye anajua humaanishi, na wewe unajua kwamba anajua."

"Hasa!" Mapokezi akafurahi kueleweka. "Halafu anakunywa chai, anaondoka."

"Si wote wanaoondoka," alisema Sista kutoka kwenye kiti chake.

Mkalimani akalitafsiri na hilo. Mwenye Mhuri akaandika.

"Hilo usiliandike!" Mapokezi akasema.

Mwenye Mhuri akaandika kwamba mnunuzi ameomba lisiandikwe.

Kabla Mapokezi hajatafuta njia nyingine, mlango ukafunguliwa kwa kishindo akaingia muuzaji, mwana wa bibi, koti begani na funguo za gari zikining'inia kidoleni. Alikuwa na haraka ya mtu aliyeegesha mahali pabaya.

"Nimesikia yaliyotokea," alisema. "Msiwe na wasiwasi. Nimeshampatia mama kitanda kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Gari liko nje. Futeni hiyo sentensi, naondoka naye sasa hivi, nanyi mnabaki na nyumba yenu."

Mapokezi nusura ambusu. "Umeona?" alimwambia mkewe. "Umeona? Kalamu iko wapi?"

Mwenye Mhuri akaweka kiganja chake juu ya kalamu.

"Ukifuta sentensi," alisema, "sahihi ya mama inaanguka."

"Sahihi gani?"

"Nusu ya nyumba ni yake, aliachiwa na marehemu mumewe; nilikusomea, ukatabasamu. Mwana hawezi kuuza bila yeye kusaini."

"Si alisaini?"

"Alisaini chini ya sentensi yako. Baada ya kukusikia. Kabla ya hapo kalamu alikuwa hajaigusa."

Mapokezi akakumbuka. Kweli, kalamu iliyoangushwa na muuzaji ndiyo aliyoiinua bibi, akaitazama kidogo, akasaini. Yeye alidhani ni heshima za mgeni rasmi.

"Basi atasaini tena," muuzaji akasema. "Mama, si utasaini tena?"

Bibi akatikisa kichwa, kisha akazungumza kwa kirefu, akimtazama mkalimani tu, kama vile ndiye mtu pekee mle ndani aliyelipwa kusikiliza.

"Anasema siku ile alikuja kukataa," mkalimani alisema. "Alivaa viatu vyake vizuri kwa ajili ya kukataa. Anasema wanunuzi wote waliotangulia walipofika nyumbani walisalimia kuta, walisalimia mabomba, walimsalimia mwanawe. Huyu wa hoteli ndiye wa kwanza kumpa mkono yeye. Akaona si vibaya kuishi na mtu wa namna hiyo. Sentensi ikifutwa, anarudi kwenye neno lake la kwanza, nalo ni hapana."

Mapokezi akalipima jambo hilo. Tangu jana ujinga wake ulikuwa umemkalia kichwani kama mzigo wa kuni. Sasa, kwa mara ya kwanza, akauona una faida.

"Kwa hiyo mdomo wangu ndio ulioipata nyumba," alimnong'oneza mkewe, na kwa bahati mbaya aliweka majivuno kidogo ndani ya mnong'ono huo.

"Na ndio ulioijaza," alisema Sista.

"Bado," alisema Mwenye Mhuri.

Nyinyi mnaodhani mauzo ya nyumba ugenini yana mwisho, sikilizeni hapa.

"Bado nini tena?" Mapokezi akauliza.

"Mwenye ndoa anaweza kununua nyumba peke yake. Kumkaribisha mtu humo peke yake hawezi. Cheti chenu ninacho hapa, mhuri wa bluu. Mke asipoiridhia ahadi leo, kabla hati haijapelekwa kusajiliwa, ahadi inaanguka. Ikianguka, sahihi ya mama inaanguka. Ikianguka hiyo, nyumba inarudi kwa wenyewe."

Ofisi nzima ikageuka kumtazama Sista.

"Mama watoto," Mapokezi akaanza, sauti imeshuka ngazi zote. "Kwetu tumeshauza. Hatuna hata baraza la kukalia."

"Nilikuomba nini?"

"Najua."

"Sema. Nilikuomba kasri?"

"Hapana."

"Nilikuomba gari? Bustani? Mtumishi?"

"Hapana."

"Nini?"

"Wawili," Mapokezi akasema, akiitazama kofia yake. "Tuwe wawili."

"Miaka yote nimelala nikijua nani anakoroma chumba gani. Nilitaka nizeeke nikisikia saa ya ukutani tu. Ni kitu kikubwa?"

"Si kikubwa."

"Na umekishindwa kabla sijatua!"

Muuzaji akaona mwanya. "Usisaini, mama," alimwambia Sista kwa upole mkubwa. "Mimi na mama yangu tutaelewana taratibu. Baadaye tutaanza mauzo upya, nyumba tupu, ninyi wawili. Subirini tu kidogo hotelini."

Mapokezi alisikia neno hoteli akasisimka vibaya.

Pembeni sauti nyingine ndogo ilikuwa inaendelea bila kukoma. Mkalimani alikuwa amemwinamia bibi, akitafsiri yote: kasri, gari, bustani, mkoromo, saa ya ukutani. Sista akamgeukia.

"Hata hayo ulimwambia?"

"Samahani, mama. Ni kiapo."

Bibi alisikiliza yote mpaka mwisho. Akaitazama miguu ya Sista, ambayo uvimbe wake ulikuwa umeshuka. Akainuka, akauchukua mto wake, akaupiga vumbi mara mbili, akaukumbatia. Akasema maneno machache sana.

Mkalimani hakutafsiri.

"Kiapo," Sista akamkumbusha.

"Anasema kama ni hivyo, amechoka."

Mwenye Mhuri akaichukua kalamu.

"Asiandike!" Sista akapaza sauti, na wote wakashtuka, Mapokezi zaidi ya wote, kwa kuwa katika ndoa yao nzima sauti hiyo aliisikia nje ya mlango wa wodi tu. "Mwambie asiandike!"

"Limeshasemwa," Mwenye Mhuri akajibu. "Ahadi ilikuwa mpaka achoke. Amechoka."

"Amesema kwa adabu!"

"Kwa hiyo hamaanishi?"

"Hamaanishi!"

"Na anajua kwamba unajua?"

"Mtazame!" Sista akamwonyesha. "Mtu aliyechoka anabeba mto wake hivyo?"

Mwenye Mhuri akamtazama. Bibi alikuwa ameukumbatia ule mto kama mtu anayeogopa kuombwa hata huo. Mwenye Mhuri akavua miwani. Hilo halikuwa katika sheria yoyote, lakini alivua.

"Amechoka!" muuzaji akadakia. Alikwisha kumshika mama yake kiwiko. "Amesema mbele ya mashahidi. Twende, mama, nimeegesha pabaya."

Sista akavuka chumba. Aliivuta hati kutoka chini ya mkono wa Mwenye Mhuri, akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwake, akasaini chini ya sahihi ya mumewe, herufi kubwa kama za kwenye chati ya mgonjwa.

"Mama watoto!" Mapokezi akasema, hajui acheke au alie. "Na wawili wetu je?"

"Nimeishi na mama mkwe niliyekabidhiwa," alisema Sista, akifunga kalamu. "Nikaishi na mawifi niliokabidhiwa, na yule bwana wako asiye na mwenyewe. Huyu nimemchagua mimi."

"Alikupa beseni la maji tu!"

"Wewe uliwahi kunipa?"

Mapokezi akatafuta jibu katika miaka yote ya ndoa. Akarudi mikono mitupu.

Mwenye Mhuri alikuwa amevaa tena miwani yake. Akainua mhuri, mkono ukabaki hewani.

"Ahadi imeridhiwa," alisema. "Lakini mama ametamka kwamba amechoka. Siwezi kugonga juu ya kauli mbili. Nauliza mara ya mwisho, na safari hii naandika. Mama, umechoka au hujachoka?"

Bibi alifungua mdomo. Mwanawe akamwahi.

"Mama, tafadhali! Fikiria majirani watasema nini. Hawa ni watu baki! Wamefika jana, hata majina yao huyajui. Wakikufungia mlango utamwita nani? Utaishije na watu usiowajua?"

Mkalimani akawatafsiria Mapokezi na Sista, neno kwa neno, akiona aibu. Kwa kweli muuzaji alikuwa na hoja, na Mapokezi, aliyewahi kukaribisha watu wengi asiowajua kuliko mtu yeyote hai, alijua hivyo.

Bibi akauangalia mkono wa mwanawe uliokuwa bado umemshika kiwiko, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Akautoa ule mkono polepole, kidole kwa kidole. Akarudisha mto wake kitini. Akakaa. Kisha akasema neno lake, na muuzaji akawa mwekundu kabla sisi hatujajua amesema nini.

Mkalimani akawageukia Mapokezi na Sista.

"Anasema hajachoka. Anasema, 'Ninayemjua ndiye aliyekuja na gari kunihamisha.'"